Majibu ya Mzee Mshauri: Mwanafunzi wa Jukwaa na Riziki Yake

*Mzee, mimi kijana wa Kikula, hapa Likasi, nasoma uigizaji Institut National des Arts, Kinshasa, na sasa niko nyumbani kwa likizo kubwa. Nimetafuta kazi ya kufanana na masomo yangu Likasi nzima, sikuiona. Mjomba ataka nikapakie mifuko ya madini. Nifanye nini? — Mwigizaji Bila Jukwaa*

Mwanangu, barua yako niliisoma kwa huruma hadi nilipofika pale ujiitapo mwigizaji bila jukwaa, na hapo huruma ikageuka mshangao. Je, Jumapili, katika kanisa lolote la uamsho, hukumwona mtu yule asimamaye ubavuni mwa mhubiri, akigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili papo kwa papo, akiinua mkono mwenzake ainuapo, akinong'ona anong'onapo, na akilia aliapo, tena aghalabu kwa machozi mazuri kuliko ya mwenye mahubiri? Hukumsikia msemaji wa arusi, ambaye kwa muda wa usiku mmoja huwapatanisha wakwe, huwanyamazisha walevi kwa mzaha, na huwachekesha watu hadi chakula kilichochelewa kifike? Na shule zitangazapo matokeo ya mwaka, ni nani asomaye majina kwa sauti ya kumtoa mzazi jasho? Hao wote wafanya kazi uliyokwenda kuisomea, ila hawajui kwamba ina chuo.

Wala usidhani nakudhalilisha kwa kukupeleka arusini. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, ambalo wazee wako walilisikiliza redioni kisha wakalitazama katika televisheni, liliigiza kwa Kiswahili cha huku huku kwetu, bila kitabu cha kukariri: waigizaji walikubaliana juu ya kisa na mpango wake, kisha kila mmoja akazua maneno yake mwenyewe mbele ya watu. Mwanazuoni Johannes Fabian, aliyewafuata mwaka 1986 walipokuwa wakitengeneza mchezo juu ya madaraka kuliwa mazima bila kugawanywa, aliona mna maarifa ya kutosha kitabu, nacho kikachapishwa mwaka 1990. Basi, fani hiyo ya kuzua maneno utajifunza wapi kama si mbele ya hadhira iliyokuja kula, ambayo haikukualika wala haina deni la adabu kwako?

Lakini sharti nikuonye, na hapa sifanyi mzaha. Kila mwenye shughuli, awe bwana arusi, mchungaji, au shirika litakalo mchezo mfupi wa sokoni juu ya kipindupindu, atakuambia kwamba fedha hana, ila utapata jina. Mwulize kwa upole kama mwenye viti na mwenye vipaza sauti nao walipwa majina. Kisha pokea nusu ya ujira kabla hujafungua kinywa, maana baada ya arusi hata bwana arusi mwenyewe haonekani.

Siku ukipata nauli, nenda Lubumbashi, kilomita kama 120 tu. Ukiuliza jumba la maigizo lililojengwa miaka ya 1950, zama za Wabelgiji, utaelekezwa kwenye Bunge la Jimbo, kwani ndilo likaalo humo leo; tazama, pita, usicheke kwa sauti, kwa kuwa waigizaji wa pale hawachukui wanafunzi. Nenda kituo cha utamaduni cha Halle de l'Étoile, na ufikapo usiombe kuigiza, kwa sababu kila mtu huomba hivyo. Omba kubeba taa, kupanga viti, kukata tiketi. Ajuaye taa huitwa hata katika mchezo usio na kijana ndani yake.

Mjomba mpe salamu zangu, na mifuko mwachie mwenyewe.

*Baba Mshauri, nasikia watu wa ng'ambo watakuja kupiga filamu ya vita vya mji wetu. Niwangoje? — Askari wa Shituru*

Ndugu, umechelewa. Filamu iitwayo The Siege of Jadotville, juu ya askari wa Ireland waliozingirwa hapa Septemba 1961 wakiwa chini ya Umoja wa Mataifa, mji wetu ukiwa bado unaitwa Jadotville, ilitoka mwaka 2016, nayo ilipigwa Afrika Kusini. Ikiwa Likasi yenyewe ilinyimwa kazi ya kuigiza Likasi, wewe wangoja nafasi gani?

*Mzee mwenzangu, mimi niliyetoka kampuni ya madini ya Gécamines mwaka 2003 nalipa minerval binti yangu awe mtu, naye amechagua maigizo, mambo yasiyo na hakika. Tena huiga sauti yangu mbele ya majirani! Nimkatie ada? — Baba wa Panda*

Mzee mwenzangu, nawe ulichagua kazi ya hakika kuliko zote za Katanga, Gécamines, na kwa barua yako nafahamu ulitoka huko mwaka 2003, pamoja na wenzako zaidi ya 10,000, kwa ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Hivyo juu ya hakika nadhani wewe na binti yako mna mengi ya kuzungumza, naye huenda akakufundisha namna ya kuyasimulia. Ada endelea kulipa.

Ama hilo la kuigwa sauti, hukuniandikia kama majirani walicheka. Ikiwa walicheka, na ikiwa walitoa chochote, mdai fungu lako.