Nakala za Shemeji

Bahili wa pesa ana tiba: mpeleke kwenye kikao cha harusi, atachangia kwa kuona haya. Bahili wa nafasi ya diski hana dawa. Namsema shemeji yangu, mume wa dada, mwenye studio ya picha za harusi. Anatumia Linux kwa sababu moja tu: ni ya bure. Diski ya pili hanunui, kwa hoja kwamba ya kwanza haijajaa. Nayo haijai kwa sababu tangu ajue viungo vya faili, shemeji hanakili kitu. Anaunganisha.

"Shemeji, njoo uone maajabu," aliniita. Akaandika cp -al, na kabla sijavuta kiti, folda nzima ya hesabu za studio ikawa imepata pacha, huku nafasi ya diski ikipungua kiasi cha kutoonekana. Maajabu hayo yana maelezo. Amri hiyo huunda folda mpya, lakini faili za ndani hainakili. Huzipa jina la pili tu. Data ni ileile, na haiondoki mpaka jina la mwisho lifutwe. Kwa hiyo ukiifuta hiyo "nakala", hupotezi kitu. Kazi ni pale unapoihariri.

Na shemeji alikuwa na haja ya kuihariri. Dada alishaanza kuuliza habari za sofa. Basi bwana akafungua pacha wa orodha ya wadeni, wateja waliokwisha kulipa akawaandika kuwa bado, akamwonyesha mkewe kwa uso wa huzuni. Kuna programu ambazo zikihifadhi huandika faili mpya na kuipa jina la ile ya zamani. Hizo hukata undugu. Aliyotumia yeye huandika juu ya ileile. Mwisho wa mwezi akafungua orodha halisi, akaona nchi nzima inamdai—samahani, anaidai nchi nzima—akaanza kupiga simu. Mteja mmoja alikuja na risiti mkononi na kaka zake mlangoni.

Hapo mtu mwingine angeacha viungo. Yeye alihamia aina nyingine, ile inayohifadhi anwani ya faili badala ya faili yenyewe. Albamu za wateja akazijenga kwa viungo hivyo: Kichenpati, Sendofu, Ndoa, Ukumbini, kila folda imejaa anwani za picha zilizo kwingine. Ndani ya studio albamu ilifunguka bila tatizo. Ya mama mmoja wa Tanga akaipeleka kwenye flashi kwa rsync -a, ambayo viungo huvinakili kama viungo. Ni sawa na kubeba kibao cha "Duka limehamia ghorofa ya juu" ukaenda nacho Tanga: kibao umefika nacho, duka limebaki Kariakoo. Tena flashi hiyo ilikuwa ya FAT32, isiyojua hata kukihifadhi hicho kibao. Rsync ililalamika mstari kwa mstari, lakini dirisha lake lilikuwa limefichwa nyuma ya mechi ya Simba na Yanga.

Simu ikaja. "Mwanangu, vyumba nimefungua vyote, watu hawamo."

"Shikamoo, mama. Hebu zima kompyuta, uwashe tena."

Mama alizima, akawasha, akapanda basi. Dawa ilikuwa herufi moja: ukiongeza L kubwa, rsync hufuata anwani na kubeba picha yenyewe.

Rsync haina kosa. Andrew Tridgell na Paul Mackerras waliitoa mwaka 1996 huko Australia, na ubora wake ni kwamba ikituma faili iliyobadilika kidogo kwenda kompyuta nyingine, hutuma sehemu zilizobadilika tu. Kwa mtu anayehesabu bando kama shemeji, hiyo ni neema. Lakini hufuata unachoandika, si unachokusudia. Andika Harusi bila mkwaju mwishoni, itapeleka folda pamoja na jina lake. Andika Harusi/ na itapeleka vilivyomo ndani tu. Ongeza --delete, na kila kilichoko upande wa pili ambacho huku hakipo kitafutwa.

Shemeji, akiwa amebanwa na aibu ya Tanga, aliazima diski ya dada ili afanye bekapu ya kweli. Akaandika Harusi/ yenye mkwaju, akaielekeza kwenye diski nzima, akamalizia na --delete ili "pawe pasafi". Pakawa pasafi. Harusi za wateja zilifika salama. Zilizofutwa ni picha za harusi yake mwenyewe, ambazo zilikuwa kwenye diski hiyo peke yake.

Nilitegemea dada angelia. Alikaa kimya, akaniuliza, "Kwani mahari ilikuwa kiasi gani vile? Maana ndoa isiyo na picha inabidi irudiwe, na bei zimepanda." Sofa lilinunuliwa wiki hiyohiyo, pamoja na diski ya pili.

Ewe msomaji mwenye shemeji wa aina hii, mfundishe -n. Ukiiongeza kwenye amri, rsync huigiza kazi nzima bila kugusa kitu. Ukiiweka pamoja na -v, huorodhesha itakachofanya, na majina ya vitakavyofutwa yakiwemo. Orodha hiyo asiisome juu juu. Kisha nakala aifungue kwenye kompyuta nyingine, mbali na ile ya kwanza, aone kama watu wamo. Isipofunguka huko, hana nakala.