Sifa za Kelele na Unyevu wa Land Rover Kuukuu

Magari ya siku hizi yameharibiwa na ukimya. Unaliwasha gari, husikii kitu. Unaliendesha, husikii kitu. Linakufia njiani, bado husikii kitu, mpaka taa ndogo kwenye dashibodi ikupe pole. Mvua ya masika inanyesha kutwa, nawe unashuka na soksi kavu, usijue hata kwamba Mungu ameleta neema. Abiria wa namna hiyo hasafiri, anahamishwa tu.

Mwaka 1958 mtunzi wa matangazo David Ogilvy aliisifia Rolls-Royce kwamba, ikienda maili 60 kwa saa, sauti kubwa kuliko zote ndani yake ni ya saa ya umeme. Watu wakashangilia. Mwaka huohuo kiwanda cha Solihull, Uingereza, kikatoa Land Rover Series II, gari ambalo ndani yake hakuna aliyewahi kusikia saa, wala redio, wala jirani yake. Mbona hili la pili halikuimbiwa? Leo tulipe deni hilo. Tuwasifu waheshimiwa wawili wanaoishi ndani ya gari hilo bila kulipa kodi ya pango: Kelele na ndugu yake Unyevu.

Tuanze na nasaba, maana hawakuokotwa jalalani. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia chuma kilitolewa kwa mgao huko Uingereza, ndipo Maurice Wilks na wenzake wa kampuni ya Rover wakaamua bodi ya gari lao jipya, Land Rover ya kwanza, iwe ya aloi ya alumini. Likaonyeshwa Amsterdam Aprili 1948. Lilikusudiwa kazi za shamba, kwa hiyo karibu kila kitu chake hufunguka. Kioo cha mbele hulazwa juu ya boneti. Nusu ya juu ya mlango hung'oka ukilegeza nati. Paa hutoka. Sakafu nayo hutoka, kwa kuwa giaboksi hutolewa kwa kupitia ndani ya gari. Chini ya kioo cha mbele kuna vidirisha viwili vya bati vya kuingizia upepo. Kila bati linapokutana na bati, pana ufa, na kila ufa kwao ni mlango. Gari lililobuniwa lifunguke halikubali kufungika, na waheshimiwa wetu waliingia wote wawili siku ya kwanza, kwa mlango mmoja.

Mkubwa ni Kelele, tumpe heshima yake kwanza. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Hawakuwa wameiona Land Rover, kwani debe hili huvuma hata likijaa watu, magunia ya mahindi na mbuzi. Mbele ya magoti yako kuna injini ya lita 2.25. Chini ya sakafu kuna giaboksi, na nyuma yake giaboksi ndogo ya kugawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, nayo hulia tangu asubuhi mpaka uzime gari. Pembeni yako bati pana, bapa, lisilo na kitu nyuma yake, linatetema. Vioo vya kusukuma vinagongana ndani ya mifereji yake. Hakuna aliyepo garini asiyechangia.

Faida yake ya kwanza ni elimu. Dereva mzoefu wa Karatu hahitaji kompyuta ya kupimia gari. Mlio mwembamba unaopanda kadiri mwendo unavyopanda humpeleka kwenye giaboksi au difu. Mkoromo unaobadilika gari linapokata kona ni beringi ya gurudumu. Kishindo kimoja kizito anapoachia klachi ni viungo vya propela shafti vilivyolegea. Taarifa zote hizi anapewa bure, tena kwa sauti ambayo hawezi kusingizia kwamba hakuisikia.

Faida ya pili ni amani ya nyumba. Kutoka Arusha hadi Karatu mume na mke hawawezi kugombana ndani ya Land Rover, kwa sababu hakuna anayepata alichoambiwa. Mke akiuliza, "Baba Neema, ile hela ya ada uliilipa?" mume hujibu, "Ndiyo, mafuta yanatosha!" na safari inaendelea. Shemeji aliyekuja na shida ya mkopo itambidi avumilie hadi kituo cha mafuta, na hapo mwenye gari ataenda msalani.

Ya tatu ni usalama barabarani. Serikali zinahangaika na vidhibiti mwendo kwenye mabasi, ilhali Kelele anaifanya kazi hiyo bila mshahara. Ukifika kilomita 80 kwa saa anakuonya, ukifika 90 anakusihi, na mbele ya hapo wewe mwenyewe unaona haya. Ni kweli, wataalamu wa afya kazini wanasema masikio yasikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kwamba kila zinapoongezeka 3, muda huo unapungua kwa nusu. Sisi mashabiki tumeambiwa hayo mara nyingi. Hatukusikia.

Ndugu yake Unyevu ni mpole zaidi, na kwa upole huo amefika mbali zaidi. Yeye hapigi hodi. Hushukia pale fremu ya kioo cha mbele inapolalia bodi, au kwenye vile vidirisha vya upepo ambavyo mpira wake umekauka, kisha tone la kwanza hudondokea goti lako, na la pili hulifuata hapohapo, kwa ustadi ambao mlenga shabaha angeuonea wivu. Ukiegesha gari chini ya mti miezi michache, huotesha kuvu kwenye siti na ukoka mwembamba wa kijani kwenye mfereji wa vioo. Wenzako wanalipa mtu wa bustani, yako inasafiri nawe. Na ukilala garini kwenye ukingo wa Ngorongoro, mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako usiku bati hupoa vibaya, pumzi zenu wenyewe hugeuka kuwa matone chini ya paa, yakawaogesha alfajiri kabla hamjaomba maji.

Tena ni mwalimu wa kemia. Bodi ni ya alumini, fremu na sehemu nyingi za kushikilia ni za chuma. Metali hizo mbili zikigusana nyakati za ukavu, hakuna neno. Aje Unyevu, hasa huyu wa Tanga na Mombasa aliyetiwa chumvi, umeme mdogo huanza kupita kati yao, na alumini huliwa polepole ikawa unga mweupe kandokando ya bolti. Upande wa chini fremu nayo inapata kutu. Kikulacho ki nguoni mwako, na cha Land Rover ki chini ya karpeti.

Watu wema hawakosi maadui, na wa hawa wawili wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la kuogopwa. Hao hawaanzi na kununua kitu, huanza na maji. Mmoja huketi ndani na tochi, mwenzake hushika mpira wa maji nje, akianzia chini na kupanda taratibu hadi paani, ili ijulikane tone limeingilia wapi. Huyapanga magazeti sakafuni waone lipi linalowa mwanzo. Hupaka chaki ukingo wa mlango, wakaufunga na kuufungua, wakatazama mpira umeguswa wapi na wapi haukuguswa. Huzibua vitundu vya chini ya milango ili maji yatoke. Maji yakiwa na harufu tamu, na kioo kikiwa na ukungu wa mafuta kwa ndani, wanajua si mvua, ni hita inayovuja. Mpira wa mlango wa nyuma huushughulikia mapema kuliko yote, maana gari likienda mbio hewa ya nyuma hulivutia ndani vumbi na, lililo baya zaidi, moshi wa ekzosi.

Wakimaliza, wanagundua jambo la kumsikitisha Kelele: nusu ya kazi yake imekwisha pamoja na ya nduguye. Uwazi wa asilimia moja tu ya ukuta hautaruhusu ukuta huo kuzuia zaidi ya desibeli 20 hivi, hata ungejengwa kwa zege. Ndipo sasa, bati likiwa kavu na safi, hubandika vipande vya lami vyenye mgongo wa foili katikati ya kila bati pana. Robo ya bati hutosha kuua sehemu kubwa ya mtetemo. Juu yake huweka sponji isiyonyonya maji, ya jamii ile ya malapa, na mwisho mkeka mzito wa mpira unaoweza kunyanyuliwa wakati wowote. Watu wakatili sana.

Kundi la pili linajiita maadui, lakini hao ni ndugu zetu wa damu. Huchukizwa na Kelele siku ya Jumamosi, na Jumapili wameshagundisha sakafu nzima karpeti nene yenye sponji laini chini yake, bila kuuliza maji yanapita wapi. Kwa wiki mbili gari linatulia, nao wanatamba. Masika ikija, sponji inakunywa maji, inayatunza mpaka kiangazi, na Unyevu anapata godoro ambalo Solihull haikuwahi kumpa. Wengine humfunika kwa turubai la plastiki asipate baridi. Kelele naye hurejea baada ya miaka michache, sakafu ikishatoboka, akiwa na mengi zaidi ya kusema.

Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, yakapita barabarani makuukuu na mapya, na hakuna aliyeuliza yanakuja lini, kwa kuwa yalijitangaza yenyewe. Anayetaka waheshimiwa wetu waishi miaka mingine sabini, basi, asiangalie nyufa: anunue karpeti nene kuliko zote dukani na kuigundisha leo. Na kama yupo msomaji mwenye roho ngumu kiasi cha kutaka kuwafukuza, afukuze maji kwanza, kisha azibe nyufa, na karpeti aiache iwe ya mwisho.