Namna ya Kupata Mfuko wa Mbolea ya Ruzuku Kabla Mvua Haijaisha

Mkulima wa Kimuli, hapa Kyerwa, anayetaka mbolea ya ruzuku asianze na jembe, aanze na simu. Ruzuku hii ilianza msimu wa 2022/2023, bei ya mbolea ilipopaa duniani, na haigawiwi kwa fedha taslimu. Serikali hufidia sehemu ya bei, wewe hununua kwa wakala kwa bei ya chini. Msimu ule wa kwanza mfuko wa DAP wa kilo 50, uliokuwa umevuka laki moja na ishirini, ulishuka hadi shilingi 70,000. Tofauti hiyo ni haki yako, ipiganie.

Tuanze na laini. Namba ya simu utakayoandikisha kijijini ndiyo itakayopokea meseji yenye namba yako ya ruzuku. Usiandikishe laini ya kijana anayeondoka kesho kutwa kwenda Mwanza kutafuta kibarua, maana meseji itapanda basi naye. Ya jirani pia usiandikishe, hata kama mnakunywa pombe ya rubisi ya chungu kimoja. Laini iwe yako, na siku ya kwenda dukani simu iwe na chaji. Sola ikigoma, peleka simu kwa kinyozi jioni ikachajiwe. Meseji ikiingia usiifute. Nakili namba ile kwenye daftari, kisha uiandike tena nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto, karatasi ambayo hakuna mama wa Kimuli anayeipoteza.

Ekari zitaje kwa ukweli, kwa kuwa kiasi unachoruhusiwa kununua hutokana nazo. Anayetaja nusu ya shamba kwa kuogopa kodi anajinyima. Anayeongeza anachukua mbolea ya mwenzake. Na jina liandikwe la anayelima. Vibanja vingi huitwa vya baba, lakini anayepanda maharage chini ya migomba ni mama. Mtendaji anapofungua rejista, mama huyo asimame mbele, siyo nyuma ya mlango.

Namba usiiuze. Enzi za vocha za mbolea, mpango ulioanza 2008, wapo waliotia saini wakapewa fedha kidogo, mbolea isifike shambani kwao kamwe. Leo akija mtu na noti ya elfu kumi kutaka namba yako, mtazame vizuri: biashara yake ni ileile ya butura, ya kununua kahawa ikiwa bado maua. Sisi wa Kyerwa tuko mpakani, ng'ambo kuna Uganda na Rwanda, na mfuko wa bei nafuu huota miguu upesi. Ukivuka nao mpaka wa Murongo, umevuka na fedha ya umma, na maharage yako yanabaki na njaa.

Sasa safari ya dukani. Mpigie wakala simu kwanza uulize kama mzigo umefika, kisha uulize ni mbolea gani, maana DAP ni ya kupandia na Urea ni ya kukuzia. Usikubali kupewa moja badala ya nyingine kwa sababu tu ndiyo iliyopo. Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi yaweza kula nusu ya unafuu, kwa hiyo changeni majirani mkodi gari moja. Hapa nasema kwa uchungu: mbolea ifikishwe kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, palepale tunapopeleka kahawa, tena kabla ya mvua za Septemba. DAP inayofika Novemba inakuta maharage yameshatoa maua.

Dukani, simama hadi mfuko wako uskaniwe mbele ya macho yako. Kagua mshono, dai risiti yenye bei uliyolipa. Mtandao ukikatika, usiache fedha kwa ahadi ya kesho. Rudi nayo mfukoni, na kabla hujatoka pale mpigie bwana shamba umwambie jina la duka na saa.