Muulize Shangazi: Kijana wa Laptopu na Mambo Yake Mengi

Wiki hii barua nyingi zimetoka Manyatta, kaunti ya Embu. Shangazi amezisoma zote akinywa chai ya huko huko, na anajibu bila kumpendelea mtu.

Amefutwa kazi ama hajafutwa?

Shikamoo shangazi. Tuliuza ng'ombe ili kijana wangu asomee kompyuta. Alikuwa Nairobi, sasa amerudi nyumbani na anasema kazi yake inafanyika chumbani. Mchana namwona kwenye mizinga ya nyuki, jioni anapiga kinanda, usiku anaongea Kiingereza peke yake. Majani chai yananishinda kuchuma na yeye yupo tu. Majirani wanauliza kama amefutwa. Niwaambie nini?
*Mama Mwenye Haya, Kairuri*

Marahaba, mama. Haongei peke yake. Saa moja jioni kwako, California ni saa mbili au saa tatu asubuhi kutegemea msimu, na mteja wake ndiyo kwanza ameketi na kahawa. Kazi ya mwanao hufanyika wakati kijiji kimelala, starehe zake hufanyika jua likiwaka. Ndiyo sababu watu wanamjua kwa nyuki tu. Jiulize jambo moja: stima ya hapo nyumbani inalipwa na nani? Ukipata jibu, wape majirani.

Shambani usimpeleke. Asiyezoea kuchuma majani mawili na chipukizi atakujazia kikapu kwa majani makuukuu, na karani wa kituo atakurudishia yote. Mwambie amlipe mchumaji.

Mimi ni samaki?

Shangazi, mpenzi wangu ni mwanaprogramu. Jumamosi yuko mto Rupingazi akitafuta trauti, Jumapili yuko kanisani na kinanda. Samaki hajawahi kuniletea. Nilipouliza, alisema akimshika humrudisha majini, kwa kuwa utamu uko katika kumshika. Shangazi, mimi nimeshikwa huu mwaka wa tatu. Je, nitarudishwa?
*Ninaelea, Embu mjini*

Binti yangu, swali lako limenifanya niweke kikombe chini. Kwanza nimtetee kidogo. Trauti si samaki wa kwetu. Walowezi walimleta Kenya mwaka 1905, akazoea mito baridi inayoshuka Mlima Kenya. Hapo mjini kwenu kuna hoteli iitwayo Izaak Walton. Huyo alikuwa mfanyabiashara wa London aliyeandika kitabu cha uvuvi mwaka 1653, na bado kinasomwa. Ugonjwa wa mpenzi wako ni wa zamani.

Kinanda nacho hakivunji nyumba. Donald Knuth wa Marekani alichapisha juzuu ya kwanza ya kitabu chake kikuu cha programu mwaka 1968, na hadi leo mfululizo huo haujaisha. Huyo ana kinanda cha mabomba nyumbani kwake, na mwaka 2018 muziki alioutunga kwa ajili ya chombo hicho ulipigwa Sweden kwa mara ya kwanza. Yeye na mkewe Jill walioana mwaka 1961 na hawajaachana.

Kwa hiyo usigombane na mto wala kinanda. Gombana na kalenda. Mwambie ataje siku ya kuleta wazee kwenu. Akisema bado anafikiria, jirudishe majini mwenyewe.

Nimshtaki kwa chifu?

Shangazi, kijana wa jirani, yule wa laptopu, ameweka mizinga kando ya njia. Nyuki wameniuma nikipeleka majani kituoni. Barua hii naiandika kwa jicho moja. Nimshtaki?
*Jicho Moja, Kairuri*

Uhai kwanza, kesi baadaye. Mwiba wa nyuki ukwangue upesi kwa ukucha, maana kifuko cha sumu huendelea kusukuma hata nyuki akishaondoka. Pumzi ikibana au mwili wote ukivimba, kimbia hospitali ya Embu Level Five, usingoje gazeti.

Kijana naye asogeze mizinga. Milango yake isielekee njia, na mbele yake apande ua mrefu ili nyuki wapite juu ya vichwa vya watu. Akitaka kuifungua, angoje jioni. Lakini kabla hujafika kwa chifu, zitazame makadamia zako. Maua yake huhitaji wadudu wa kuyachavusha, na nyuki ndio vibarua wakuu. Umekuwa ukihudumiwa bure. Dai chupa ya asali kwa ajili ya jicho, mambo yaishe.

(Shangazi ameanza kushuku kuwa barua hizi zina kijana mmoja.)

Kila mtu anauliza kama inalipa

Shangazi, mimi ni mwanaprogramu. Nina nyuki, ndoano na kinanda, na kila ninayekutana naye huuliza: "Inalipa?" Basi nikaandika programu ya kupima uzito wa mizinga, nyingine ya rekodi za samaki, nyingine ya kupanga nyimbo za kwaya. Sasa kwaya inanipigia simu usiku programu ikikwama. Sina tena pa kupumzikia.
*Nimechoka, Kairuri*

Hatimaye umejitokeza! Mama, mchumba na jirani wamekutangulia.

Hauko peke yako. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, alitangaza mfumo wa kompyuta aliokuwa akiutengeneza kwa kujifurahisha. Leo Linux ndiyo kiini cha simu zote za Android. Starehe ikageuka kazi. Akatafuta nyingine, kupiga mbizi baharini, na mwaka 2011 akajikuta anaandika Subsurface, programu ya kumbukumbu za kupiga mbizi. Nyinyi mmeumbwa hivyo, lakini waweza kujizuia.

Kwaya irudi kwenye daftari. Mtoni nenda bila laptopu. Huku kwetu kahawa huulizwa inalipa ngapi, makadamia ngapi, hata mbuzi wa zawadi hupigiwa hesabu. Wewe unalipwa kwa kutokosea, na mtu wa namna hiyo anahitaji mahali ambapo kukosea hakumgharimu yeyote. Ukirudi kutoka Rupingazi mikono mitupu, hakuna mteja atakayelalamika. Kwa hiyo ukiulizwa tena kama inalipa, jibu "hailipi", uendelee kutembea. Ila sogeza mizinga, na utaje hiyo tarehe.

Tangazo: Barua za kuagiza ile programu ya kwaya hazitajibiwa.