Taratibu Mbele ya Kichupa

Kichupa kimetoka frizani sasa hivi, kina miligramu 1 ya unga wa peptidi unaoonekana kwa shida, na mkono wako tayari uko kwenye kifuniko. Uondoe! Unga huo umelala kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Ukikifungua kichupa sasa, unyevu wa chumba utauvamia kama waalikwa wenye njaa wanavyovamia pilau. Kiache kichupa kimefungwa, ndani ya chombo cha kukaushia, hadi kifikie joto la chumba. Kisha kizungushe kidogo kwenye sentrifuji, kwani unga hupenda kung'ang'ania kifuniko.

Wakati unasubiri, soma cheti cha uchambuzi wa peptidi hiyo, tena chote. Usafi wa asilimia 95 hausemi kwamba asilimia 95 ya unga ni peptidi. Ndani mna maji na chumvi zilizobaki kutoka kwenye usafishaji. Ikiwa peptidi halisi ni asilimia 80, una mikrogramu 800 tu. Wapo wanaoruka hesabu hii, halafu wiki nzima wanazilaumu seli zisizo na hatia.

Kuyeyusha nako kuna adabu zake. Tazama kwanza mfuatano wa asidi amino. Peptidi yenye chaji chanya nyingi ijaribu kwa maji safi, ikigoma iongezee asidi asetiki kidogo. Isiyopenda maji huanzia kwenye kiyeyusho cha DMSO, ila yenye sisteini au methionini yaweza kuoksidishwa humo. Na jaribu kwa chembe, usimwagie kichupa kizima!

Inayoniumiza roho zaidi ni amiloidi beta ya asidi amino 42, inayochunguzwa katika ugonjwa wa Alzheimer. Molekuli zake hushikana zenyewe na kujisuka nyuzi, kwa hiyo maabara mbili zikianza na unga ulioshikana kwa viwango tofauti zitapata majibu tofauti, kisha zitabishana bure. Dawa yake ni kuifumua kwanza kwa kiyeyusho cha HFIP, ndani ya kabati la kuvuta mvuke, kisha kuigawa na kuikausha.

Myeyusho wowote ugawe mafungu ya matumizi ya mara moja. Kugandisha na kuyeyusha kila siku huuharibu. Friza inayojiyeyushia barafu yenyewe iachie samaki, maana hupandisha joto kila baada ya muda. Juu ya kila kichupa andika jina, kiyeyusho, ukolezi na tarehe. Ukiandika "peptidi mpya" tu, umemtegea mwenzako kitendawili.