Boliti Haimjui Mkwe

Kichwa cha boliti ya chenso yangu kilikatika asubuhi hii, kikaruka na kutua kwenye ungo wa mama mkwe, aliyekuwa anachambua mchele. Alikichambua na chenyewe. Akakigeuzageuza kwenye kiganja, akanitazama, akauliza kwa upole ambao sijui nitaupeleka wapi: "Baba, hili jiwe ni lako?"

Hapa Sokon I habari haihitaji redio. Kufikia saa sita, jirani wa tatu alikuwa amekuja kuazima chumvi.

Chenso yenyewe ni ya mtumba. Muuzaji aliniambia inadai ringi tu. Sasa hiyo "tu" ndiyo iliyonileta hapa. Ringi haibadilishwi bila kutoa silinda, silinda haitoki kabla ya ekzosi, na ekzosi imeshikwa na boliti mbili ambazo zimekuwa zikipikwa na moshi tangu mashine ilipoanza kazi.

Watu wengi hudhani boliti inashikilia kwa sababu imezungushwa ikafika mwisho. Hapana. Ukiikaza inarefuka, kidogo sana, halafu inataka kurudi ilivyokuwa. Kinachobana ni huo ubishi wa kutaka kurudi. Na katika nguvu yote unayotia kwenye spana, karibu asilimia 90 inaliwa na msuguano wa chini ya kichwa na wa kwenye uzi. Inayofanya kazi ya kubana ni kama 10 tu. Nikiwaza hilo nausahau hata ule ungo. Haya, ongeza unyevu. Boliti ni chuma, silinda ni aluminiamu. Metali mbili zikigusana penye maji zinakuwa betri, na inayoliwa ni aluminiamu. Unga mweupe unaobaki unataka nafasi kubwa kuliko metali iliyoliwa, kwa hiyo unajishindilia kwenye uzi kama abiria wa mwisho wa Hiace ya jioni. Hapo vuta spana utakavyo. Boliti itachagua kukatika.

Dawa ni moto, ila moto wenye akili. Kwa joto lile lile, aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Pasha silinda, tundu litapanuka kuiacha boliti. Ukipasha boliti peke yake, unainenepesha ndani ya tundu lake.

Fundi wa kuchomelea wa mtaani kwetu aliwasha gesi akaielekeza moja kwa moja kwenye boliti.

"Mzee, chuma kinasikia moto tu."

Nikamweleza habari ya aluminiamu. Akaitikia bila kusikia. Nikamweleza kwamba kasha la krenki kwenye chenso nyingi ni magnesiamu, kwamba magnesiamu ikishika moto inawaka nyeupe ya kuumiza macho, na ukiimwagia maji unaichochea. Hilo alilisikia. Alizima gesi, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa geti.

"Sasa hayo ndiyo unaniambia saa hizi?"

Tukahamia kwenye njia yake nyingine, na hapa namvulia kofia. Aliweka nati juu ya kisiki cha boliti, akajaza tundu la nati kwa kuchomelea hadi viwili vikawa kitu kimoja. Akaacha ipoe kidogo, akagusisha mshumaa pembeni. Nta ikanyweka ndani ya uzi huku tunaiona. Halafu spana: nyuma kidogo, mbele kidogo, nyuma tena. Ikalia kriii. Ikatoka.

Nikaiangalia juani. Ni boliti ya robo inchi kwenye tundu la milimita 6. Unene unakaribiana kiasi cha kumdanganya mtu mwenye haraka, lakini hatua ya uzi wa milimita 6 ni milimita 1, na ya hiyo ya inchi ni kama 1.27. Baada ya mizunguko michache hazipatani tena. Kwa hiyo aliyeifunga alijua. Alichomeka bomba kwenye spana, akalazimisha, akafuta grisi kwa tambara, akaiita nzima.

Na hapa kicheko kinaniisha. Kutu sina kesi nayo. Kutu haijampokea mtu hela. Huyu alipokea. Chenso hii ingeweza kwenda kwa kijana anayepasua mbao huko Meru, ekzosi ikalegea akiwa katikati ya misindano ya kiangazi, cheche zikaingia kwenye majani makavu. Angekamatwa yeye. Aliyefunga boliti angekuwa mjini anauza nyingine, bila risiti, na ule msemo wao wa "chukua kama ilivyo".

Boliti ya pili ilitoka kwa vidole. Klachi ya chenso hufunguliwa upande ambao vitu vingine hukazwa, nayo tuliitoa kwa kujaza kamba kwenye tundu la plagi ili pistoni isizunguke; mpwa wangu aliyeshika spana alikataa kuamini, akaikaza kwanza kwa heshima zake zote. Kabureta ilimwaga petroli kwenye kanga isiyo yangu.

Jioni chenso iliwaka, mvuto wa pili, mlio wa kuamsha mtaa. Kuizima ndiko kumeshindikana. Waya wa swichi umefungwa kwa skrubu, na skrubu hiyo imeshika kutu, kwa hiyo naizima kwa kuvuta choki mpaka ipaliwe.