Bi Mkubwa, ulimi wangu umeniumbua

*Bi Mkubwa, shikamoo. Juzi nimekwenda kujitambulisha ukweni, Tanga. Ndani ya basi nikanunua ubuyu wa elfu moja wa kupotezea muda. Kufika, shangazi yake mchumba akanitazama mdomo, akamnong'oneza mwenzake: "Kijana mdogo, anakula tambuu?" Tangu siku hiyo simu zangu hazipokelewi. – Msafiri, Chalinze*

Marahaba, mwanangu. Elfu moja nzima umeimaliza njiani, hukubakisha hata wa watoto wa pale nyumbani? Hilo ndilo kosa lako. Wekundu wa mdomo una utetezi: ukivunja buyu, ndani unakuta unga mweupe kama chokaa, umekauka wenyewe tunda likiwa bado mtini. Wekundu unaupata kwenye sufuria, kwa rangi ya dukani. Rudi Tanga na nusu kilo. Shangazi akishakula viganja viwili, mpe kioo.

*Bi Mkubwa, mume wangu ameacha sigara, nashukuru. Sasa kila usiku ni ubuyu kitandani. Mbegu chini ya mto, mbegu kwenye shuka, juzi nimeamka moja imenata shavuni. Nikimwambia inatosha, anajibu, "Namalizia hii." – Nalalia Mbegu, Ilala*

Hakudanganyi, mwanangu, kweli anamalizia hiyo. Pipi ukiitafuna imekwisha, umejua umekula. Ubuyu unaanza na sukari na iliki, pilipili manga inakuja nyuma ikichonyota, halafu ule uchachu unavuta mashavu ndani mpaka mate yanajaa. Unga unalainika, unanata kwenye meno, unaukokota kwa ulimi polepole. Ukifika kwenye mbegu unagundua hujala kitu, umelamba tu. Mkono unarudi mfukoni wenyewe.

Mpikie, angalau ujue kiasi. Kwa vikombe viwili vya ubuyu, chemsha kikombe cha sukari na nusu kikombe cha maji mpaka shira inate kwenye mwiko. Tia rangi, iliki, chumvi kidogo, pilipili kadiri ya hasira zako. Punguza moto, mimina ubuyu, geuza bila kupumzika hadi kila mbegu ivae. Usiuache jikoni ukaenda kuzungumza na jirani. Wangu wa kwanza uligeuka jiwe moja la umbo la sufuria. Tuliugonga kwa mchi siku tatu.

Na weka bakuli la mbegu upande wake wa kitanda. Asipolitumia, alale yeye upande wenye mbegu.

*Bi Mkubwa, kaka yangu amekuja likizo kutoka Uingereza na pipi za Starburst. Sasa wanangu wanasema ubuyu ni wa kishamba. – Mama Wawili, Morogoro*

Starburst nimezila, sizisemi vibaya. Ya limau ilinifumba jicho moja. Zilianza hukohuko Uingereza mwaka 1960 zikiitwa Opal Fruits, jina likabadilishwa 1998, na watu wazima wa huko walinuna. Ujanja wake ni uleule wa ubuyu: uchachu ukutoe mate, sukari ikubembeleze uendelee. Ila kule uchachu unatiwa kiwandani; huku mbuyu umemaliza kazi hiyo peke yake.

Tena Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu kuuzwa kama chakula kipya mwaka 2008. Kipya! Kaka akirudi, aingie duka la vyakula vya afya, aulize bei ya kipakiti kimoja cha unga huo, kisha awapigie watoto simu awatajie. Wewe kaa kimya, endelea kulamba.

*Bi Mkubwa, nasikia yule wa nyumba ya pili amerudishwa kwao. Hebu nipe ubuyu. – Jirani Mwema*

Huo hauandikwi gazetini. Njoo baada ya magharibi, na usije mikono mitupu: lete ule wa Zanzibar wenye pilipili, mfuko mkubwa. Habari ni ndefu.